Wenye pumu mlioacha fegi mkahamia vepu, kifua kilikuwaje?

fundi wa tabata

Wakuu habari za mihangaiko. Nina pumu tangu shule ya msingi na fegi nimeanza ukubwani huko gereji, najua mtasema pumu na sigara wapi na wapi, hilo nishaambiwa na bi mkubwa, na wife, na hata mangi anayeniuzia hizo sigara kaniambia, kwa hiyo tulipite. Kwa siku naenda pakiti moja, kazi zikibana inapitiliza. Nikiamka kifua kinapiga filimbi mpaka nikohoe yale makohozi yatoke ndo nakaa sawa, cha kwanza kushika ni inhela ya bluu, cha pili kiberiti.

Sasa kuna jamaa Kariakoo anauza vepu (sigara za kielektroniki) zile za kutumia na kutupa, fleva ya embe la baridi, imeandikwa mivuto elfu 9 na asilimia 5. Anasema ule ni mvuke wa maji tu, eti ana wateja wenye pumu wamepona kabisa (hapo ndo nikaanza kumtilia shaka). Nikaonja pale pale dukani nikakohoa mpaka machozi, yeye anacheka anasema mapafu yanajisafisha.

Kwa wenye pumu mliopita njia hii, kifua kilipata nafuu au ndo kuhama chumba ndani ya nyumba ile ile? Dawa zangu ni hiyo inhela ya bluu, mkebe unaisha kwa mwezi hivi, na usiku nakula aminofilini, vidonge vya kufungua mirija, nanunua tu famasi. Kliniki siendi.

mkunazi

Takataka zote hizo. Marekani watu si walikufa na hizo vepu? Acha kavu kavu, mzee wangu aliitupa pakiti baharini pale Feri akiwa anasubiri pantoni na hajagusa tena mpaka leo.

dada wa leicester

Pole fundi. Mimi ni mtanzania niko Uingereza, nina pumu na nilikuwa mvutaji, nikahamia vepu kwa kusaidiwa na nesi wa kituo cha kuacha sigara, kwa hiyo hapa naongea ninachokijua.

Kwanza huyo muuzaji mwambie ukweli, siyo mvuke wa maji. Ndani ya kile kimiminika kuna propilini glaikoli, gliserini, nikotini na fleva, koili inapata moto inavipasha vinakuwa ule ukungu unaouvuta. Hakuna kinachoungua kwa hiyo hakuna lami wala kaboni monoksaidi, na hiyo siyo tofauti ndogo maana moshi wa sigara una kemikali kama 7,000 na angalau 70 kati ya hizo zinajulikana kuleta kansa. Ila kwa mtu mwenye pumu koo na mirija inaweza kukasirikia huo ukungu pia. Mimi propilini ikiwa nyingi nilikuwa nakwaruzwa koo balaa, nikabadilisha nikachukua yenye gliserini nyingi ikatulia, na fleva za mdalasini na zile za baridi kali nikaziacha kabisa.

Hiyo ya kwako asilimia 5 maana yake ni miligramu 50 za nikotini kwa kila mililita. Huku kisheria mwisho ni 20. Na hizo za kutupa zimepigwa marufuku kuuzwa tangu tarehe 1 Juni 2025, sasa wewe unaanzia pale ambapo sisi tumekatazwa kufika, lazima ukohoe ndugu yangu. Nesi alinianzishia ile ya kujaza mwenyewe, nikashusha nguvu taratibu, na akanifundisha kuvuta polepole kwanza mdomoni ndo ushushe, siyo kubugia kama shisha. Jambo jingine, ukisikia ladha ya pamba iliyoungua acha hapo hapo badilisha koili, ule ni utambi mkavu unaungua na kifua chako kitakwambia kabla hujamaliza kuutoa.

@mkunazi hao wa Marekani ni 2019, waliolazwa walipita 2,800 na 68 wakafariki mpaka hesabu ya Februari 2020. Wengi walikuwa wamevuta mafuta ya bangi ya mtaani yaliyochanganywa na vitamini E asetati, siyo vepu za kawaida za nikotini. Ila funzo lake linamhusu fundi pia, kitu cha kuingiza kifuani usinunue kwenye chupa isiyojulikana imetoka wapi.

Kifua changu kilipata nafuu? Ndiyo, filimbi ya asubuhi iliondoka. Ila siwezi kukwambia ni vepu, maana kipindi hicho hicho nilianza inhela ya kahawia kila siku, ile ya steroidi, nilikuwa siitumii. Utafiti ninaoujua mimi ni wa Catania huko Italia wa 2014, wavutaji wenye pumu waliohamia vepu hali zao ziliboreka, lakini walikuwa watu 18 tu, huwezi kujengea nyumba hapo.

mfamasia mbezi

Nimesoma nikafika kwenye "mkebe unaisha kwa mwezi" nikasimama. Fundi, huo mkebe una mivuto 200. Mwongozo wa pumu wa kimataifa, GINA, unasema mtu anayemaliza mikebe 3 au zaidi kwa mwaka yuko kwenye hatari ya kubanwa vibaya, na anayefika 12 yuko kwenye hatari ya kufa. Wewe uko kwenye hiyo 12. Wote mnabishana vepu vepu, kumbe tatizo la kwanza la huyu ndugu ni kwamba pumu yake haijatibiwa, inazimwa tu.

Ya bluu ni salbutamol, inafungua mirija kwa masaa machache basi. Kinachotibu ule uvimbe ndani ya mirija ni dawa ya steroidi ya kuvuta kila siku hata ukijisikia mzima, na tangu 2019 hao hao GINA walishasema mtu mzima asiachwe na salbutamol peke yake. Af moshi wa sigara unaipunguza nguvu hiyo steroidi, ndo maana kuna wavutaji wanasema "dawa haifanyi kazi kwangu". Inafanya, ila moshi unaipiga ngwala.

Sasa la aminofilini, na hili hata madaktari wengine huwa wanalisahau. Moshi wa sigara unalifanya ini liisafishe hiyo dawa haraka kuliko kawaida. Siku ukiacha sigara, ndani ya wiki hivi ini linarudi mwendo wake, dozi ile ile uliyoizoea inaanza kulundikana mwilini. Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, kichefuchefu, usingizi hakuna, ikizidi sana ni degedege. Mtu anadhani ni arosto ya sigara kumbe dawa imezidi. Na usijidanganye kwamba vepu italinda hapo, kinacholichochea ini ni moshi siyo nikotini, kwa hiyo ukihamia vepu kabisa ni sawa na umeacha. Lazima aliyekupima ajue, dozi iangaliwe. Na kwa kweli aminofilini siyo kitu cha kujinunulia dukani miaka yote, umbali kati ya dozi inayosaidia na inayodhuru ni mdogo.

mkunazi

Hii ya ini sikuwahi kuisikia. Ila bado nasema aache vyote.

kaka mdogo wa bandari

Nipo Mombasa. Brother yangu ana pumu vile vile, alinunua vepu ya kumsaidia kuacha, sasa anavuta zote mbili, sigara nje, vepu ndani ya gari na kitandani. Zamani usiku alikuwa hawezi kuvuta chumbani maana mkewe angemtoa na godoro lake, sasa anavuta hata saa nane usiku kwa sababu haina harufu. Kwa hiyo nikotini imeongezeka na sigara hazijapungua sana. Kama utahama hama na virago vyote, ukiacha hata mbili za baada ya chakula zitakurudisha.

msafiri wa mutukula

Nyongeza ndogo kwa wanaosafiri, Uganda sheria yao ya tumbaku ya 2015 inakataza kuingiza na kuuza hivyo vidude. Usije ukabeba boksi la biashara ukalia mpakani.

fundi wa tabata

Aisee mfamasia umenitisha, na hiyo mikono kutetemeka nishawahi kuiona nilivyoacha fegi mwezi wa Ramadhani, nikajua ni njaa. Asanteni wote. @dada wa leicester hizo za kujaza huku naziona lakini maandishi yenyewe ya kichina, siwezi kujua nguvu. Mfamasia, hakuna njia ya nikotini bila kuvuta kitu? Na nianze na lipi, kuacha au hiyo steroidi? Af nikuulize, inhela nikipuliza nusu naimeza kooni naisikia chungu, ni sawa?

mfamasia mbezi

Siyo sawa, chungu ulimini maana yake dawa imebaki mdomoni. Tafuta speza, ile chupa inayokaa kati ya inhela na mdomo, ukikosa chukua chupa ya maji ya nusu lita, ioshe kwa sabuni ya vyombo uiache ijikaukie bila kuifuta, kitako kitoboe kwa waya uliopashwa moto kwa umbo la mdomo wa inhela, liingie kwa kubana. Inhela unaichomeka kitakoni, mdomo wako unaweka pale shingoni mwa chupa, unabonyeza mara moja, unavuta pole pole unashika pumzi mpaka sekunde 10. Watoto wengi wametibiwa kwa chupa hizo. Ukianza steroidi sukutua mdomo uteme kila ukimaliza, la sivyo utapata utando mweupe.

Nikotini bila kuvuta ipo, kuna plasta za ngozi na bigijii, uliza famasi kubwa za mjini. Kwa kifua kama chako mimi ningeanzia huko kabla ya vepu yoyote, haipiti kwenye mirija kabisa. Bigijii yake haitafunwi kama za watoto, unatafuna kidogo, ukisikia muwasho kama pilipili unaiegesha shavuni, ikipoa unatafuna tena. Ukiimeza mate yote ni kwikwi mpaka jioni. Plasta na bigijii zikishindwa kabisa ndo uzungumzie vepu, ya nguvu inayojulikana, na sigara zote ziwe zimetoka, nayo uipangie mwisho wake.

Lipi lianze, usisubiri. Kliniki ya kifua wiki hii, steroidi ianze hata kama bado unavuta, af tarehe ya kuacha sigara mpange huko huko na daktari kwa sababu ya hiyo aminofilini. Usiiache ghafla wala usiiongeze mwenyewe, beba na pakiti yake mfukoni aione ni ya miligramu ngapi. Na ukibanwa ikafika huwezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, huo siyo muda wa kuja kuuliza humu, ni hospitali moja kwa moja na ya bluu mkononi njia nzima.