Wakala anataka milioni 14 ampeleke mdogo wangu majaribio Ufaransa, naombeni ushauri

Kaka wa Winga:
Wakuu, habari za jioni. Naombeni mawazo yenu kabla familia haijaamua, maana mzee ameshaanza kumtafutia mnunuzi kiwanja chetu cha Usagara.

Mdogo wangu ana miaka 17, atatimiza 18 mwezi Machi. Anacheza winga ya kushoto na yuko kwenye akademi moja hapa Mwanza tangu akiwa shule ya msingi. Mtoto anajua mpira, na sisemi hivyo kwa sababu ni damu yangu. Mwaka huu aliitwa kambi ya timu ya taifa ya vijana. Alikatwa kwenye orodha ya mwisho, lakini ameshaonwa na watu.

Mezani kuna mambo mawili. Klabu moja ya Ligi Kuu hapa nyumbani inataka kumpa mkataba wa miaka mitano, aanzie kikosi cha vijana. Upande mwingine kuna wakala aliyemwona kwenye UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari. Huyu anasema ana watu wake ndani ya klabu ya Ligue 1, ligi kuu ya Ufaransa, na mtoto anatakiwa huko dirisha la usajili la Januari. Gharama ni milioni 14: viza, tiketi, malazi na "ada ya majaribio" ya klabu. Anataka tulipe kabla ya mwisho wa mwezi kwa sababu, anavyodai, timu za Ufaransa zinaruhusiwa wageni wanne tu na hiyo klabu imebakiwa na nafasi moja. Tulipouliza habari ya umri, akasema kuna Mtanzania yuko Paris ataandikishwa kuwa mlezi wake.

Mzee anasema ngojangoja huumiza matumbo. Mama hataki hata kusikia. Tangu Mtanzania mwenzetu Samatta asajiliwe Le Havre ya huko, mtaani kwetu watu wanaiona Ufaransa kama ipo ng'ambo ya ziwa tu. Wote nyumbani wanasubiri mimi niseme neno. Nisemeje?

Beki Tatu:
Kiwanja kisiuzwe. Klabu ya Ligue 1 ikimtaka kijana kwa dhati, gharama za majaribio ni zake. Hiyo "ada ya majaribio" peke yake inatosha kumjua huyo mtu. Waje wenye ujuzi wakueleze zaidi.

Mpenda Kanuni:
Mkuu, nianze na hilo la wageni wanne, kwa sababu ndilo analolitumia kuwakimbiza.

Ni kweli Ligue 1 ina kikomo cha wachezaji wanne kutoka nje ya Umoja wa Ulaya. Ila mdogo wako hahesabiwi humo. Mwaka 2000 nchi za Afrika kusini mwa Sahara, Karibi na Pasifiki zilitia saini mkataba wa Cotonou na Umoja wa Ulaya, na Tanzania imo. Kisha Desemba 2002 Conseil d'État, mahakama ya juu ya utawala ya Ufaransa, ikaamua kesi ya Lilia Malaja, mcheza kikapu wa Poland. Alikuwa amezuiwa kuchezea Strasbourg kwa kigezo cha idadi ya wageni, wakati huo Poland haijaingia Umoja wa Ulaya. Mahakama ikasema raia wa nchi yenye mkataba wa namna hiyo, akishaajiriwa kihalali, asibaguliwe kazini. Msingi huohuo ukawafungulia mlango wachezaji wa nchi zetu. Ndiyo maana unaona klabu ya Ufaransa inapanga Wasenegali, Waivori, Wamali na Wakongo kwa pamoja bila shida yoyote. Wanaobanwa na zile nafasi nne ni watu kama Wabrazili, Waajentina au Wajapani ambao hawana pasipoti ya Ulaya.

Kwa hiyo kwa Mtanzania hakuna "nafasi moja iliyobaki". Ama huyo wakala haijui ligi anayoiuza, au anaijua na anawadanganya. Kwa vyovyote vile mtoto hayuko kwenye mikono salama.

La pili ni umri, na hili ni zito zaidi. Kanuni ya 19 ya FIFA inakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine. Misamaha ipo, lakini ni finyu. Ule unaotumiwa vibaya mara nyingi unasema wazazi wawe wamehamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusiana na mpira. Wazazi wenyewe, si mlezi wa kuandikwa karatasini. Barcelona walifungiwa usajili mwaka 2014 kwa kuvunja kanuni za watoto. Real Madrid na Atlético wakafuata 2016, Chelsea 2019. Klabu gani ya Ufaransa itahatarisha madirisha mawili ya usajili kwa ajili ya winga ambaye hawajawahi kumwona, wakati akishatimiza 18 wanaweza kumchukua kihalali?

Hata huyo wakala, kama ni wakala kweli, sheria ya michezo ya Ufaransa haimruhusu kulipwa chochote kwa kazi inayomhusu mchezaji chini ya miaka 18. Mwombeni namba yake ya leseni ya FIFA. Tangu Oktoba 2023 wakala asiye na leseni haruhusiwi kufanya kazi hiyo, na majina ya wenye leseni yanatafutwa kwenye tovuti ya FIFA bila malipo.

Mama Nasra (Marseille):
Mdogo wangu, mimi niko huku mwaka wa ishirini na kitu sasa. Mtaa wangu umejaa Wangazija na nusu ya watoto wa kiume wanaota kucheza Vélodrome, uwanja wa timu ya hapa, kwa hiyo haya ninayaona kwa macho.

Vijana wanaoletwa kwa namna hiyo wapo. Mtu anafika na viza ya muda mfupi, anapelekwa uwanja wa mazoezi wa timu ya daraja la chini siku mbili tatu, halafu simu ya wakala haipokelewi. Viza inaisha. Nyumbani wameuza mali, kwa hiyo kijana anaona aibu kurudi, anabaki analala kwa huyu na kwa yule. Kuna shirika hapa Ufaransa linaitwa Foot Solidaire, lilianzishwa mwaka 2000 na Jean-Claude Mbvoumin aliyewahi kuchezea timu ya taifa ya Kameruni, kwa ajili ya vijana wa Kiafrika walioachwa hivyohivyo. Shirika zima limeanzishwa kwa tatizo hili. Pima mwenyewe ukubwa wake.

Mkiletewa barua ya mwaliko, msipige namba iliyoandikwa kwenye barua. Ingieni tovuti ya klabu yenyewe, chukueni namba au barua pepe ya kituo chao cha mafunzo, muulize kama wanamjua mtoto kwa jina. Mkikosa wa kuzungumza Kifaransa, niandikieni humu faragha, nitapiga mimi.

Na jambo moja ambalo watu wa mpira hawalisemi: mtoto aanze kujifunza Kifaransa leo, hata kama haendi mwaka huu. Kocha anafoka kwa Kifaransa, daktari anauliza kwa Kifaransa, mkataba umeandikwa kwa Kifaransa.

Thubutu:
Mimi nawapinga kidogo. Mkiwa waoga hivi hakuna atakayefika. Salif Keïta alitoka Mali mwaka 1967 bila ruhusa ya wakubwa, akatua Paris, hakumkuta mtu wa kumpokea, akapanda teksi mpaka Saint-Étienne. Mwendo wa kilomita kama 500, na nauli ikalipwa na klabu. Mwaka 1970 akawa Mchezaji Bora wa Afrika wa kwanza. Angesubiri kanuni, tungemjua?

Kocha Mstaafu:
Thubutu, habari ya teksi ni kweli na ni nzuri, ila malizia upande wa pili. Keïta alipopanda ile teksi alikuwa mchezaji wa timu ya taifa ya Mali, ameshacheza fainali za Kombe la Mabingwa wa Afrika, na Saint-Étienne walikuwa wanamsubiri. Ndiyo maana nauli ililipwa. Huyu kijana wa Mwanza anasubiriwa na nani?

Sasa wewe Kaka wa Winga, nisikilize. Nimefundisha vijana muda mrefu kanda hiyo ya ziwa, na kinachoniuma ni kuona watoto wetu wanafundishwa kuwa Ulaya ni safari ya ndege. Waangalie wa kwetu waliofika kweli. Shabani Nonda alizaliwa Bujumbura, akachezea Yanga, akaenda Afrika Kusini, akapita FC Zürich, ndipo Rennes wakamchukua, kisha Monaco. Msimu wa 2002/03 akawa mfungaji bora wa ligi nzima ya Ufaransa kwa mabao 26, na mwaka uliofuata aliingia kutoka benchi kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Porto. Dennis Oliech wa Kenya alipitia Al-Arabi ya Qatar kabla ya Nantes, akahamia Auxerre na kucheza nao Ligi ya Mabingwa. Samatta mwenyewe: African Lyon, Simba, TP Mazembe mwaka 2011, ubingwa wa Afrika 2015, Genk Januari 2016, England, Uturuki, Ugiriki. Le Havre wamemsajili 2025 akiwa na miaka 32. Kila hatua klabu moja iliongea na klabu nyingine, na mchezaji alikuwa anacheza mechi za kweli huko alikotoka.

Njia ya moja kwa moja kutoka Afrika hadi Ligue 1 ipo, ila ina wenyewe. FC Metz wana makubaliano na akademi ya Génération Foot ya Senegal tangu 2003, na humo wamepita Sadio Mané, Ismaïla Sarr, Pape Matar Sarr na Lamine Camara. Akademi ya mdogo wako haina mkataba wa aina hiyo na mtu yeyote Ufaransa, kwa hiyo lazima apite barabara ndefu. Barabara yenyewe inaanzia kwenye dakika za kucheza Ligi Kuu.

Mpenda Kanuni:
Naongezea alipoishia kocha. Klabu nyingi za Ufaransa zinaishi kwa kuuza wachezaji, na hali yao ya fedha imebanwa: kampuni ya Mediapro ilishindwa kulipa haki za televisheni 2020, mkataba na kampuni ya DAZN ukavunjika 2025, ligi ikaanzisha chaneli yake yenyewe. Juu yao kuna DNCG, chombo kinachokagua hesabu za klabu, ambacho kinaweza hata kukushusha daraja. Klabu ya namna hiyo hupenda kijana aliyekwisha pimwa mahali pa bei nafuu, hasa Ubelgiji. Osimhen alitoka Charleroi kwenda Lille 2019, Jonathan David akatoka Gent kwenda hukohuko 2020. Na Ubelgiji wanatujua: Genk baada ya Samatta walimsajili kijana wetu Kelvin John 2021, alipotimiza miaka 18. Walisubiri.

Kaka wa Winga:
Shikamoo kocha, na asanteni wote. Leo asubuhi nimemwomba wakala namba ya leseni. Kwanza akasema yeye anafanya kazi chini ya mtu mwingine aliye Paris, baadaye akampigia mzee akilalamika kwamba mimi namharibia mtoto bahati. Namba hajatoa mpaka sasa. Mama Nasra, nakuandikia faragha jina la klabu aliyoitaja.

Mzee amekubali kusimamisha habari ya kiwanja. Sasa linabaki la nyumbani. Hii miaka mitano si mingi? Nikisema hapana klabu itaondoka?

Mpenda Kanuni:
Mitano haiwezekani. Kanuni ya 18 ya FIFA inasema mchezaji aliye chini ya miaka 18 hasaini mkataba wa kulipwa unaozidi miaka mitatu, na ukiandikwa zaidi, miaka inayozidi haitambuliwi. Waambieni hivyo kwa heshima. Wakiwa makini watarekebisha bila kinyongo.

Hakikisheni pia akademi imemsajili TFF, shirikisho letu la soka, kwa jina na tarehe sahihi ya kuzaliwa, miaka yote aliyokaa hapo. Akija kusaini nje, fidia ya mafunzo huhesabiwa kutokana na kumbukumbu hizo, na kila akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba kuisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Akademi isiyo na kumbukumbu haipati kitu. Isitoshe, tarehe za kuzaliwa zinazopishana kati ya cheti, pasipoti na usajili zimekwamisha wengi.

Mama Nasra (Marseille):
Nimeongea na kituo cha mafunzo cha ile klabu. Mtoto hawamjui, huyo wakala hawamjui, na wamesema hawana utaratibu wa kutoza ada ya majaribio. Wameomba niwatumie nakala ya barua kama ipo.

Kaka wa Winga:
Mungu akubariki dada yangu. Barua anayo mzee, nakupigia picha leo hii. Kocha, neno la mwisho kabla hatujakaa na klabu Jumamosi: kwenye huo mkataba wa miaka mitatu tudai nini?

Kocha Mstaafu:
Mdai kipengele cha kuuzwa nje, kiwe na kiasi kilichoandikwa kwa tarakimu. "Klabu itamruhusu ikipata ofa nzuri" hayo ni maneno matupu. Kiasi hicho kisiwe kikubwa mno, maana timu ya Ubelgiji haitatoa dola laki tano kwa kijana asiyejulikana. Mdai aandikishwe kikosi cha kwanza ifikapo msimu wa pili, la sivyo atolewe kwa mkopo timu nyingine ya Ligi Kuu au ya Championship, daraja la pili la hapa nyumbani. Matibabu ya majeraha yawe juu ya klabu hadi apone, hata mkataba ukiisha akiwa bado anaumwa. Asaini yeye na mzee wote wawili, na nakala moja mwondoke nayo siku hiyohiyo mkononi. Wakisema watawaletea baadaye, msisaini.