Matangazo ya kamari na bia katikati ya katuni: kosa linatokea wapi?

Mzazi Makini: Wakuu, chaneli ya katuni, saa kumi jioni, inapitisha matangazo ya kamari, bia na dawa za maumivu ya viungo. Nitajuaje kama alaumiwe mwenye chaneli au kampuni ya king'amuzi?

Fundi Mitambo: Tazama mwanzo na mwisho wa mapumziko ya matangazo. Chaneli ikimruhusu msambazaji (kampuni ya king'amuzi) kupachika matangazo yake, hutuma ishara ndani ya mkondo wa picha na sauti, mara nyingi kwa kufuata SCTE-35, utaratibu wa kiufundi wa kuonyesha mahali pa kupachika tangazo. Mtambo wa msambazaji ukiisoma, unafunika matangazo ya chaneli kwa ya kwake. Ishara ikichelewa utaona nusu sekunde ya tangazo jingine kwanza, au katuni inarudi ikiwa imeliwa mwanzo. Sauti kupanda ghafla nayo ni dalili, ila peke yake haitoshi.

Kipimo cha uhakika zaidi ni kufungua chaneli hiyohiyo kwa msambazaji mwingine, muda uleule. Matangazo yakifanana, mbane mwenye chaneli.

Mpanga Ratiba: Na huko kwenye chaneli shida huwa kwenye usajili wa matangazo. Mwenye tangazo aliyelipa bei ya chini hachagui kipindi. Programu ya ratiba inamtupia nafasi yoyote iliyobaki. Kinachomzuia ni msimbo wa bidhaa tu. Bia ikiingizwa kama "vinywaji", kizuizi hakiioni. Vivyo hivyo kipindi kikiandikwa "katuni" bila kutenganisha za watoto na za watu wazima.

Kuna na mechi inayozidi muda: vipindi vinasogezwa mbele, lakini mapumziko yaliyopangiwa saa maalumu hayasogei. Bia iliyolipiwa kwa ajili ya mpira inaangukia kwa watoto.

Dawa za viungo ziache. Hizo huwekwa kwa makusudi, zinamlenga bibi aliyekaa na mjukuu.

Msoma Kanuni: Kabla ya kulalamika, angalia kanuni ya nchi husika, maana hazifanani hata kidogo. Marekani, sheria ya 1990 inawekea kikomo muda wa matangazo: dakika 10.5 kwa saa mwisho wa juma, 12 siku nyingine, kwa vipindi vya watoto wa miaka 12 kushuka chini. Quebec imepiga marufuku tangu 1980 matangazo ya biashara yanayowalenga walio chini ya miaka 13.

Kwenye barua weka chaneli, msambazaji, tarehe, saa na dakika, jina la katuni, bidhaa, na tangazo lilikuwa la ngapi. Kituo kina kumbukumbu ya kila kilichorushwa. Ukiandika "jana jioni" tu, hakuna atakayeitafuta.

Mzazi Makini: Shukrani wakuu. Na katuni za kwenye programu ya simu?

Fundi Mitambo: Huko tangazo huchaguliwa kwa kufuata akaunti, na ikiwa ni yako, mfumo unadhani wewe ndiye unayetazama. Fungua wasifu (profile) wa mtoto, kisha uzime matangazo yanayofuata historia ya utazamaji.