Mtu anafuta indeksi kila programu ikiwaka, ukimuuliza anajibu "si inajijenga yenyewe"!

Sava_Moto:
Wakuu, leo sina salamu. Mnamjua yule. Wa kikombe kikubwa na kikao kisichoisha. Ndiyo, HUYO.

Kodi yake (msimbo wa programu, siyo ya TRA, ila hii nayo inaumiza) ikiwaka inauliza Elasticsearch, injini yetu ya utafutaji, kama indeksi ya bidhaa (ghala la data inayotafutwa) ipo. Ipo? Inafuta. Kisha inaunda upya. Na kontena (nakala za programu zinazowaka pamoja) ziko nne! Ya kwanza inafuta na kuunda, ya pili inaikuta bado ya moto, inaifuta tena. Katikati hapo foleni inaendelea kumimina data, na action.auto_create_index (mpangilio wa kuunda indeksi isiyokuwepo) isipoguswa huwa true, kwa hiyo inazaliwa indeksi ya kubahatisha, inayokisia aina ya kila fildi kwa data ya kwanza kuingia. PUT (ombi la kuunda indeksi) ikifika inapigwa 400, resource_already_exists_exception, yaani indeksi tayari ipo. Kosa lenyewe kalizika kwenye catch (sehemu ya kushika makosa) tupu kama friji ya bachela tarehe 28.

Bei ya kwanza ilikuwa 1500, basi fildi ikawa long (namba isiyo na desimali). 1500.75 ikija, kwenye indeksi inakatwa kuwa 1500. Ukisoma _source (data kama ilivyoletwa) unaiona nzima, kwa hiyo unabaki unajiona mwehu. Namba ya shehena "2024-05-01" ikadhaniwa tarehe, "B-17" ikafuata ikakataliwa. Na aina ya fildi haibadilishiki, mpaka uunde indeksi nyingine.

Namwonyesha yote haya. Jibu: "Si inajijenga yenyewe." NA KIEMOJI CHA KUCHEKA. Kwenye grupu la ofisi nzima, mpaka wa uhasibu wakaona.

kipanga_foleni:
Kichuguu tu ndicho kinajijenga, na hata hicho kina mchwa 😂

BintiWaKlasta:
Pole mkuu. Undeni bidhaa_v2 yenye mapingi kamili (orodha ya fildi na aina zake) na "dynamic": "strict" ili fildi isiyotajwa ikataliwe, kazi ifanyike mara moja kabla ya kupandisha toleo, siyo ndani ya kila kontena. Halafu _reindex (kunakili data kwenda indeksi mpya), linganisha _count (idadi), kisha POST _aliases; aliasi ni jina la pili linaloelekeza kwenye indeksi. Kwa kuwa jina "bidhaa" limeshikwa na indeksi yenyewe, aliasi haiwezi kuitwa hivyo: weka remove_index ya bidhaa na add ya aliasi kwenye ombi moja, zinapita pamoja. Kuanzia hapo kila uandishi uwe na require_alias=true. Aliasi isipokuwepo, unapata kosa, hupati indeksi ya kubahatisha.

mzee_wa_400:
Mleta uzi, punguza jazba. Akaunti ya programu ilipewaje ruhusa ya delete_index? Nani aliigawa? Ingekuwa na read na write tu, huyo jamaa angefuta kwa mdomo.

Sava_Moto:
Hoja siyo ruhusa! Hoja ni KIEMOJI.

mzee_wa_400:
Kwa hiyo ni wewe uliigawa 😂😂

kipanga_foleni:
Kimya chake kimeshakiri.

nodi_pweke:
@BintiWaKlasta umeruka shimo. _reindex inasoma picha ya data ya pale ilipoanza. Kinachoandikwa baada ya hapo hakimo. Andikeni v1 (indeksi ya zamani) na v2 kwa pamoja, na kwenye dest (indeksi inayopokea) muweke op_type create, na conflicts iwe proceed, ili cha zamani kisifunike kipya. Na vilivyofutwa katikati vitafufuka, vishughulikieni kivyake.

BintiWaKlasta:
Kweli, nimeteleza. Na mkizima nakala za ziada (replicas) na refresh_interval (muda wa data mpya kuanza kuonekana kwenye utafutaji) ili iende haraka, virudisheni KABLA ya kubadili aliasi. Kuna timu ilisahau refresh_interval kwenye -1, yaani imezimwa, siku nzima bidhaa mpya hazionekani kwenye utafutaji, watu wanalaumu intaneti.

embe_dodo:
Nyie mna raha. Sisi tuna mtu kaweka kichambuzi (kinachoandaa maneno kwa utafutaji) cha "english" kwenye fildi ya Kiswahili. Mteja akitafuta "embe", "maembe" hayaji.

nodi_pweke:
Hata kichambuzi cha standard hakitakusaidia, kinavunja matini kuwa maneno na kushusha herufi kubwa tu. Elasticsearch haiji na kichambuzi cha Kiswahili. Andika visawe: "embe, maembe", "kiatu, viatu". Viwekwe kwenye search_analyzer (kichambuzi cha maneno anayotafuta mteja), kwa synonym_graph (kichujio cha visawe) yenye updateable, usije ukaindeksi upya kila ukiongeza neno.

embe_dodo:
Na "ukuta, kuta"? Hapo "kuta" ya kukuta nayo inaingia.

mzee_wa_400:
"Kuta" muache, kwanza mtatue "paa". Kuna la nyumba na kuna mnyama.

Sava_Moto:
Jamani, kiemoji changu?

kipanga_foleni:
Kuna na kupaa samaki, yaani kumtoa magamba, mzee.