Taa za Probox (H4): halojeni ya kawaida, +130, 100/90, LED au xenon?

mwendausiku
Wakuu, gari ni Probox ya 2008. Dimu (taa ya karibu) ni hafifu, mvua ikinyesha ndiyo kabisa. Balbu zilizomo zimeandikwa H4 12V 60/55W (60 za fulu, yaani taa ya mbali, 55 za dimu). Dukani kuna halojeni (balbu ya uzi) mpya ya kawaida, zile za "+130", za 100/90W, na LED zenye feni nyuma. Kuna anayependekeza xenon (balbu ya gesi, isiyo na uzi) pia. Kipi kiwekwe, na kwa nini?

fundirelei
Mkuu, usinunue chochote kabla ya kupima. Washa injini, pima volti kwenye betri. Alternata nzima itakupa 13.8 hadi 14.4. Kisha pima nyuma ya soketi ya taa, balbu ikiwa imechomekwa na inawaka. Ukichomoa balbu ndipo upime, utadanganyika: waya usio na mzigo husoma volti kamili hata kama ndani zimebaki nyuzi tatu za shaba.

Tofauti ikizidi nusu volti, ugonjwa uko njiani, si kwenye balbu. H4 hupimwa kiwandani kwa volti 13.2, na ndipo zinapopatikana lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 1650 za fulu na 1000 za dimu. Ishushe hadi 12.0 na karibu robo ya mwanga imepotea. Gari la umri huo huwa na kutu kwenye boliti ya ethi (waya hasi unaofungwa kwenye bodi), soketi iliyolegea, na swichi iliyochoka. Safisha hizo kwanza. Ni kazi ya msasa na spana namba 10.

kioo_safi
Naongezea: angalia kioo cha taa. Plastiki ikishapauka hutawanya mwanga, na ukiweka balbu kali zaidi unaongeza ukungu tu. Msasa wa maji 800, halafu 1500, halafu 2000, kisha kompaundi (dawa ya kung'arisha), mwisho laka inayozuia jua. Wengi huiacha laka, na baada ya miezi michache kioo kinarudi njano.

lumeni1000
Sasa balbu zenyewe. "+130" haina maana ya lumeni kuzidi kwa asilimia 130. H4 halali inabanwa kwenye zile 1650/1000, na kiwango kinaruhusu kupanda au kushuka asilimia 15 tu. Kinachofanyika ni uzi kusukwa mfupi na kubana zaidi, ili mwanga ukusanyike mbele badala ya kusambaa. Tofauti ya barabarani ipo, tena unaiona. Gharama yake ni maisha: uzi huo unachemka zaidi na unakatika mapema sana kuliko wa kawaida. Anayesafiri usiku mara moja kwa wiki, sawa. Anayeshinda barabarani kila usiku anunue ya kawaida ya kampuni inayoaminika, Osram au Philips, na abadilishe zote mbili kwa pamoja.

Zile zenye kioo cha bluu zinazojiita "5000K" (kipimo cha rangi ya mwanga) ziache. Rangi ya bluu ni chujio. Inakula mwanga ambao uzi umeshautoa.

fundirelei
100/90W ndiyo inayoleta moshi. Hesabu ni nyepesi: wati 60 mara mbili kwa volti 12 ni ampea 10. Wati 100 mara mbili ni karibu 17. Nyaya za Probox hazikuwekwa kwa mzigo huo. Soketi ya plastiki inayeyuka, jino moja linalegea, joto linaongezeka, linalegea zaidi. Na rifleta (bakuli la taa linaloakisi mwanga) nyingi za sasa ni plastiki iliyopakwa alumini. Huanza kubabuka juu ya balbu. Kama ni barabara ya umma, sahau.

jani_la_mgomba
Mbona LED zinasifiwa? Zinavuta umeme kidogo na ni nyeupe.

lumeni1000
Nyeupe, ndiyo. Ila taa si balbu peke yake. Rifleta ya H4 ilichongwa ikitegemea uzi ukae mahali fulani, kwa tofauti ya chini ya milimita. Uzi wa dimu wa H4 una kikombe cha chuma chini yake kinachokinga nusu ya rifleta. Ndicho kinachochora mstari wa kukata mwanga ili usimpofushe anayekuja. LED ikiwa nene kuliko uzi, au vipande vyake vimekaa mbali kidogo, mstari huo unavunjika. Mwenye gari anaona mwanga mwingi karibu na bampa na kudhani zimekuwa kali, kumbe mbali kumepungua.

Ukishikilia kununua, chagua ubao mwembamba, wenye kikombe chini ya vipande vya dimu, na vipande vielekee pembeni, saa tatu na saa tisa. "Lumeni 20,000" za boksi usizisome. Pima ampea: ikivuta 1.5 kwa volti 13, hiyo ni balbu ya wati 20, hata boksi liseme 100. Na hakikisha mpira wa nyuma wa taa unafunga; feni ikiuzuia, vumbi na maji vitaingia.

Xenon ndani ya rifleta ya H4 ni mbaya zaidi ya hapo. Xenon ina nyumba yake.

mpiga_spana
Kwa wanaosoma wenye magari mengine, msinunue kwa jina la gari. Toa balbu usome kitako. H4 ina meno matatu na nyuzi mbili. H7 ina meno mawili na uzi mmoja, 55W. H1 ni nyembamba, waya mmoja. H8, H9 na H11 zinafanana kama mapacha ila ni 35W, 65W na 55W. Vishikio vya kitako vinatofautiana, na kuna watu huvikata kwa kisu ili H9 iingie pa H11. Kwa xenon, D2S na D4S ni za projekta (taa yenye lenzi mbele ya balbu), D2R na D4R ni za rifleta. D2 na D4 haziingiliani hata kama ukubwa ni mmoja: D2 hufanya kazi kwa volti 85, D4 kwa 42. Lori ni volti 24, H4 yake ni 75/70W. Ukiiweka kwenye gari dogo itawaka nyekundu kama kaa la mwisho jikoni.

mwendausiku
Nimepima: betri 14.1, soketi 12.6. Boliti za ethi zimesafishwa, imefika 12.8.

fundirelei
Bado inapoteza 1.3. Funga relei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo) mbili za ampea 30, moja ya dimu, moja ya fulu. Kutoka betri hadi namba 30 (mguu wa relei unaopokea umeme) tumia waya wa milimita 2.5 za mraba, fyuzi ya ampea 15 kwa kila relei, ikae karibu na betri. Namba 87 (mguu unaotoa umeme) iende kwenye soketi mpya za kauri, ethi nene kwenye bodi.

Angalizo la Toyota: nyingi swichi yake hukata ethi, si chanya. Chomoa soketi ya zamani, washa dimu, weka waya mweusi wa mita (kipima volti) kwenye bodi. Jino linalosoma volti 12 kwenye dimu na kwenye fulu pia ndilo chanya la pamoja. Lifunge kwenye 86 ya relei zote (85 na 86 ni miguu ya koili inayoiwasha relei), kisha waya wa dimu kwenye 85 ya kwanza na wa fulu kwenye 85 ya pili. Ukifuata mchoro wa magari ya Ulaya hapo, relei hazitalia.

kioo_safi
Ukimaliza weka halojeni za kawaida, ushike kitako tu. Mafuta ya kidole kwenye kioo huchemka na kukipasua. Umeshagusa? Futa kwa spiriti. Kisha simamisha gari mita 5 kutoka ukutani, mahali tambarare, tairi zina upepo sahihi. Mstari wa dimu uwe sentimita 5 chini ya kimo cha katikati ya balbu, na upande juu kidogo kushoto. Ukipanda kulia, taa hizo zimetengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia, na hakuna balbu itakayorekebisha hilo.