Milioni 50 kwa mmoja aliyefika, au milioni tano kwa kumi wanaoanza?

Mleta mada

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Hoja hii imenikaa moyoni tangu bajeti ya 2022/23, pale Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alipotangaza kwamba Serikali imetenga Sh bilioni 1 kuwatuza watafiti wanaochapisha kwenye majarida yenye hadhi ya juu duniani, kwa kuanzia na sayansi na tiba. Tuzo yenyewe ni Sh milioni 50. Nilifurahi siku ile, na bado nafurahi kila nikisikia Mtanzania mwenzangu kaipata. Sijaja kuipinga.

Ninachouliza ni hiki: kama nia ni kukuza watafiti, fedha imkute mtu akiwa wapi? Maana tuzo humkuta akiwa ameshavuka mto. Jarida kubwa halikubali makala ya mtu ambaye hana maabara, hana msimamizi anayemwongoza, hana muda wa kuandika. Aliyechapisha huko alishavipata vyote hivyo, mara nyingi kwa fedha za wafadhili wa nje. Ambaye hajavuka yuko bado ng'ambo hii, na hakuna mtumbwi.

Nieleze nilipo mimi. Ni mhadhiri msaidizi katika chuo cha umma, mama wa watoto wawili, mwaka wa nne wa uzamivu. Niliingia kwa mlango ule ule wa wote: muundo wa utumishi wa 2014 ulitaka wastani wa alama (GPA) usiopungua 3.8 shahada ya kwanza na 4.0 ya uzamili. Kwa hiyo Taifa lilishatuchuja. Baada ya mchujo huo ungetegemea litulee, lakini tunaachwa tujitafutie.

Nafanya utafiti wa sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu, kwenye mahindi. Wengi mnakumbuka mwaka 2016, watu walivyougua na wengine kufariki Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye ukungu, huko Chemba, Kondoa na Kiteto. Nina sampuli 126 kutoka kwa kaya za maeneo hayo, zimesagwa, ziko kwenye mifuko ya kaki ndani ya friza, kila mmoja na namba yake. Kipimo ninachotumia huja na sahani ndogo ya plastiki yenye vishimo 96. Vishimo 12 ni vya viwango vya kulinganishia, vinabaki 84, na kila sampuli hupimwa mara mbili. Yaani sahani moja inabeba sampuli 42, na mimi nahitaji sahani tatu.

Nilizinunua kwa mshahara wangu, zaidi ya miezi miwili ya mshahara. Vitendanishi vile, yaani kemikali za kupimia zinazokuja na sahani, vinatakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Vilipofika nchini vilikaa ofisi fulani siku 11 vikisubiri karatasi moja, na huko hakukuwa na friji. Siku ya kupima, vile vishimo vya kiwango cha sifuri, visivyo na sumu kabisa, ambavyo ndivyo vinapaswa kukolea bluu kuliko vyote, vilitoka kama maji ya kunawia. Nikajua vimekufa. Nilikaa mbele ya ile sahani nusu saa nzima, sikuwa na la kufanya. Muhula huo huo nilikuwa na karatasi 410 za mitihani za kusahihisha, na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wa kutembelea mikoa miwili.

Sisemi haya nihurumiwe. Tuko wengi, na wengi wetu tutapanda daraja siku moja bila kuwa watafiti, tutakuwa wafundishaji wenye vyeti.

Uingereza vyuo na wafadhili wa utafiti wana makubaliano yao, yalianza 1996, yakaandikwa upya 2008 na tena 2019. Kati ya yaliyomo, kila mtafiti awe na siku zisizopungua 10 kwa mwaka za kujiendeleza, ndani ya muda wa kazi, analipwa. Wale ni matajiri, najua, lakini siku 10 hazinunuliwi kwa pauni. Mkuu wa idara anaziandika tu kwenye ratiba na kuziheshimu.

Pendekezo langu: nusu ya fungu la tuzo iwe fedha ya kuanzia, Sh milioni tano tano, kwa walio kwenye uzamivu na walioumaliza ndani ya miaka mitano. Nipingeni.

Mchangiaji, profesa mstaafu, Dar es Salaam

Marahaba, binti yangu. Pole sana kwa sahani zako.

Nitakupinga kama ulivyoomba. Miaka yangu yote kazini sikuwahi kusikia kiongozi wa Serikali akisimama hadharani kuisifu makala ya kisayansi. Tulipanda vyeo kwa kuhesabu machapisho, na hesabu hiyo ilituletea ugonjwa: watu wanalipia majarida yasiyosomwa na mtu, wanajaza pointi, wanakuwa maprofesa. Tuzo hii imesema jambo moja wazi, kwamba makala moja nzito ina thamani kuliko kumi nyepesi. Ukiigawa vipande vipande unaua ujumbe huo.

Pili, fedha ndogondogo nazijua. Nimekaa kwenye kamati za utafiti. Milioni tano inaingia idarani, inatoka semina ya siku mbili, posho, chakula, ripoti ya kurasa 12. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kijana anayeweza, atafika hata kwa tabu.

Mleta mada

Mzee wangu, asante kwa kunijibu. La majarida ya kulipia uko sahihi, sina cha kuongeza.

Lakini niruhusu nikuulize kwa heshima: wewe uzamivu wako ulisoma kwa fedha ya nani? Ninavyojua, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipojitegemea mwaka 1970 baada ya kuvunjika kwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, vijana waliofaulu vizuri walibakizwa, wakasomeshwa, wengi nje ya nchi, ili washike nafasi za walimu wa kigeni. Chuo kiliwahesabu kama wake tangu siku ya kwanza. Kizazi hicho ndicho kilichotufundisha sisi. Hakikuambiwa kitatuzwa kikifika.

Mchangiaji, profesa mstaafu, Dar es Salaam

Nilipelekwa mwaka 1984. Ada, nauli, vitabu, na mshahara wangu hapa nyumbani uliendelea kuingia, mke wangu akautumia. Hilo siwezi kulikataa. Wasiwasi wangu wa kamati na posho unabaki pale pale.

Mchangiaji, mfanyabiashara wa mahindi, Kibaigwa

Mimi si msomi wa kiwango chenu, ila nimesoma uzi huu wote kwa sababu umetaja mahindi, na mahindi ndiyo ugali wangu.

Hapa sokoni wamekuja watafiti mara tatu nikikumbuka vizuri. Wanachukua debe hapa, kilo mbili kule, wanaandika namba, wanatushukuru, wanaondoka. Hakuna aliyerudi kutuambia alikuta nini. Baadaye unaambiwa kachapisha, kwa Kiingereza, huko Ulaya. Sasa milioni 50 au milioni tano, kwangu zote ni kodi. Waliokufa 2016 hawakufa kwa kukosa jarida. Walikosa mtu wa kuwaambia mahindi haya msile. Dada, zile kaya ulizochukua sampuli, umewarudishia majibu?

Mleta mada

Kaka, swali lako limenichoma. Sijawarudishia, kwa sababu majibu sina. Mama mmoja wa Kiteto alinipigia mara mbili kuuliza kama gunia lake ni salama, na mara zote mbili nilimwambia asubiri. Alishalimaliza.

Nadhani hapo ndipo hoja yangu inasimama kuliko nilivyoiandika mwanzo. Tuzo inalipa makala. Haimlipi mtu kurudi Kiteto. Fedha ya mwanzo ingeweza kuwekewa sharti hilo: kabla hujafunga hesabu, urudishe majibu kwa waliokupa sampuli, kwa Kiswahili, ana kwa ana. Na mimi nakubali kubanwa na sharti hilo wa kwanza.

Mchangiaji, Eldoret

Dada, hujambo. Huku Kenya sheria ya sayansi ya 2013 inasema 2% ya pato la taifa iende kwenye utafiti. Hatujafika hata karibu. Usitegemee sana mafungu ya kutangazwa, yanaandikwa vizuri kuliko yanavyotolewa.

Ila kuna jambo lililonifaa mimi. Mpango wa CARTA, ulioanzishwa 2008 na kuratibiwa kutoka Nairobi, unalea wahadhiri wanaosoma uzamivu katika afya ya jamii, na vyuo vya kwenu Tanzania vimo pia. Wanakukutanisha na wenzako wa nchi nyingine mara kadhaa, wiki kadhaa kila mara. Mnapitia maandishi ya kila mmoja hadi usiku, na unarudi nyumbani na wasomaji wa kweli. Ukimaliza, kuna fedha kidogo ya kukurudisha kwenye utafiti chuoni kwako, kwa sababu mwaka wa kwanza baada ya uzamivu ndio unaoua watu. Unarudi idarani na cheo kipya, unapewa madarasa sita, basi.

Kwa hiyo naunga mkono hoja, lakini ningeongeza: chuo chenyewe kitie saini kwamba mwaka huo mmoja mzigo wa kufundisha utapunguzwa. Bila saini hiyo, hata milioni kumi hazisaidii.

Mchangiaji, profesa mstaafu, Dar es Salaam

Hili la saini nalikubali. Na nadhani nimepata njia ya kutuliza wasiwasi wangu. Fedha isipewe mtu mkononi wala idara. Iwekwe kama akaunti kwenye stoo ya maabara, kijana anachukua vitendanishi, anasaini, kwisha. Huwezi kufanyia semina kwa vitendanishi. Na stoo iagize kwa pamoja, yenye friji, na mtu wa kufuatilia karatasi bandarini na uwanja wa ndege, badala ya kila binti kuhangaika peke yake.

Tuzo lakini iachwe nzima. Hapo sitoki.

Mleta mada

Mzee, akaunti ya stoo ni bora kuliko pendekezo langu. Ingeokoa sahani zangu tatu. Kuhusu tuzo tutaendelea kutofautiana: kama Hazina ina fungu moja tu, mimi bado nasema ligawanywe.

Mchangiaji, fundi sanifu maabara, Morogoro

Samahani naingia mwishoni. Dada, hapa tuna sahani moja ya kipimo hicho hicho, haijafunguliwa, imekaa kwenye friji yetu tangu ifike, muda wake unaisha mwezi ujao. Mradi ulioinunua umefungwa. Nimemuuliza bosi, amekubali itumike.

Ni sampuli 42 tu. Chagua mwenyewe zipi. Njoo nazo kwenye boksi la barafu, na usafiri na basi la alfajiri, lile la mchana linachelewa.

Mleta mada

Nashukuru mno, kaka. Nitaanza na za Kiteto.