Hip hop ilianzaje hasa, na nawaonyeshaje vijana kwa vitendo?

Neema_Mbagala:
Wakuu, habari za jioni. Kuna kipindi cha saa moja na nusu cha klabu ya muziki huku Mbagala, vijana wa kidato cha pili na cha tatu, mada ni asili ya hip hop. Kwamba ilianzia Bronx, New York, miaka ya 70 wanajua. Ninachotafuta ni kile hasa kilichofanywa kwa mikono, ili wakione. Vifaa vilivyopo: pleya mbili za santuri (moja Technics, sahani inazungushwa na mota moja kwa moja; nyingine mota inaizungusha kwa mkanda wa mpira), mikseri ya chaneli mbili na spika za kukodi. Halafu wengi wao wanachana (wanarap) lakini mistari haikai kwenye biti, sijui niwaelekeze vipi. Na Bongo iliingiaje? Tafadhali msinijazie habari za Tupac na Biggie.

FundiSanturi:
Dada Neema, anzia kwenye breki. Nyimbo nyingi za fanki za wakati ule zilikuwa na kipande kifupi ambapo tarumbeta na mwimbaji wananyamaza, inabaki ngoma na besi, pengine ngoma tupu. Sekunde chache, basi. DJ Kool Herc, dijei wa sherehe za Bronx, aliona wachezaji wanasubiri kipande hicho ndipo waingie uwanjani. Akatafuta nakala mbili za sahani (santuri) moja: breki ikiisha upande huu, anaianzisha upande wa pili. Mtindo huo aliuita Merry-Go-Round. Vijana wa Dar waambie hivi: chukua wimbo wa dansi, tupa sehemu yote ya kuimba, bakiza chemko (ile sehemu ya kasi ya kuchezea), halafu chemko lenyewe lisiishe. Tofauti ni kwamba chemko letu linabebwa na magitaa, breki inabebwa na ngoma.

Sherehe inayohesabiwa kuwa mwanzo ni ya tarehe 11 Agosti 1973, ukumbi wa chini wa jengo la 1520 Sedgwick Avenue. Aliyeiandaa ni dada yake Herc, Cindy Campbell, alitaka hela ya nguo za shule. Kiingilio senti 25 kwa wasichana, 50 kwa wavulana. Cindy husahaulika sana, mtaje.

Herc alikuwa akishusha sindano kwa macho, kwa hiyo kwenye maungio mdundo mara nyingi ulipishana. Aliyelinyoosha hilo ni dijei mwingine wa Bronx, Grandmaster Flash: aliweka alama kwenye sahani kwa krayoni, akahesabu mizunguko, akairudisha sahani nyuma kwa kidole huku nyingine ikipiga. Hapo ndipo kazi ya dijei ikawa na hesabu.

Hesabu yenyewe nyepesi. Sahani ya kasi ya 33⅓ inazunguka mara moja kwa sekunde 1.8. Breki ya baa 4 (mapigo 16) kwenye mwendo wa mapigo 110 kwa dakika inachukua sekunde 8.7, kwa hiyo ili urudi mwanzo unairudisha nyuma karibu mizunguko 5. Bandika kipande cha stika kwenye lebo ya katikati, kielekee sindano pale pigo la kwanza linapoanza. Asiye na stika anahesabu hewa.

Matayarisho: toa mpira mzito juu ya pleya, weka kizulia cha felti. Kikiwa kizito kuteleza, kata duara la ile nailoni ya ndani ya jaketi la santuri, ulitandike chini ya felti. Uzito wa sindano gramu 3 hadi 4 kwa sindano za kidijei. Chini ya hapo inaruka ukirudisha sahani, juu ya hapo inachimba mfereji. Usitumie sahani ya mtu anayeipenda.

Technics ndiyo ya kurudisha nyuma. Ya mkanda iache ipige moja kwa moja. Mota yake haina nguvu: ukishika sahani, na sinia la chini linasimama, mkanda unateleza, ukiachia linachelewa kufika kwenye mwendo na sauti inaanza nzito kama mtu aliyetoka usingizini.

Neema_Mbagala:
Asante sana mkuu. Tumejaribu kuunganisha leo. Sauti inatoka ndogo mno, haina besi, halafu kuna mngurumo "mmmm" usiokoma. Na nakala mbili za sahani moja hatuna.

FundiSanturi:
Hayo ni matatizo mawili. Sauti ndogo isiyo na besi: umechomeka pleya kwenye tundu la laini (la simu, CD na kadhalika). Hamishia tundu la fono (la pleya za santuri), au kama mikseri ina swichi nyuma, igeuze kwenye fono. Santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa makusudi ili mfereji usipanuke, na tundu la fono ndilo linaloirudisha. Usijaribu kuirudisha kwa kitufe cha besi, utaua spika za watu.

Mngurumo: tafuta waya mwembamba unaotoka kwenye pleya pamoja na zile waya mbili za sauti. Ni wa ethi, ufunge kwenye skrubu ya ethi ya mikseri. Mngurumo ukiendelea, chomeka pleya, mikseri na amplifaya kwenye ekstensheni moja.

Nakala mbili ukizikosa, tumia Audacity, programu ya kuhariri sauti, kwenye kompyuta. Weka alama toka pigo la kwanza la breki hadi kabla tu ya pigo la kwanza la baa inayofuata, bonyeza herufi Z ili ncha zikae pale wimbi linapopita sifuri, kisha tumia amri ya kurudia, mara 8. Ukiruka hiyo Z utasikia "tik" kila kipande kinapoanza upya. Kikichechemea, umekata mbele au nyuma kidogo. Sogeza ncha ya mwisho, ya mwanzo iache.

mzee_wa_kaseti:
Nyongeza kwenye asili. Watu hupenda kusema Herc alileta kuchana kutoka Jamaika, kwa kuwa madijei wa kule walikuwa wakizungumza juu ya muziki. Utamaduni wa spika kubwa ndiyo, huo unaonekana. Lakini Herc mwenyewe alipoulizwa kuhusu kuchana alikataa, akasema Bronx hakuweza hata kupiga rege, watu hawakuitaka. Chanzo akamtaja James Brown, mwimbaji wa fanki. Na kwenye sherehe zake aliyeshika kipaza sauti alikuwa Coke La Rock, kazi yake kuita majina ya marafiki na kuchangamsha ukumbi. Mashairi marefu yalikuja baadaye. Kwa miaka kadhaa mtu mkubwa alikuwa dijei. Santuri ya mwaka 1979 ya kundi la Sugarhill Gang, iliyopigwa na wanamuziki studio juu ya mdundo wa kundi la Chic, ndiyo iliyomgeuza mchanaji kuwa nyota, na dijei hayumo kabisa.

VinaNaMizani:
Nijibu la mistari. Chukua biti ya mapigo 90 kwa dakika. Baa moja ina mapigo manne, kila pigo ukiligawa mara nne unapata nafasi 16. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani (silabi) 16, nane na nane. Kwa hiyo unaingia kwenye baa moja bila kubaki hata silabi:

*Daladala limejaa, konda ana kelele tu*

Inatosha kabisa, na ndiyo shida yenyewe. Hakuna pa kuvuta pumzi. Baa ya tatu mchanaji anameza silabi, ya tano ameshaachwa na biti. Waambie wapunguze hadi 12:

*Gari limejaa, konda kelele tu*

Zinabaki nafasi nne, pigo zima, kama theluthi mbili ya sekunde. Hapo anapumua. Mizani 16 aiweke kwa nadra, pale anapotaka kusukuma.

La pili ni mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na snea (ile ngoma yenye mlio mkali wa "ka") inapiga pigo la 2 na la 4. Silabi yenye mkazo ndiyo ikae juu ya snea, ya mwisho idondoke nafasi inayofuata: so-KO-ni, KO ikutane na snea. Wakiiga mtiririko wa Wamarekani, ambao maneno yao mengi huishia kwenye silabi nzito, wanaibandika silabi ya mwisho kwenye snea, inatoka "sokoNI" kama mgeni aliyeshuka jana. Nusu ya hiyo "haikai kwenye biti" ni hapo.

Vina: "sokoni" na "kazini" ni kina cha uvivu, kila mahali kuna -ni. Wadai silabi mbili: sokoni na mkononi, mtaani na hadharani. Vitenzi ndiyo mtego mkubwa zaidi, karibu vyote vinaishia na -a. Mwenye "anasema" akamjibu "anacheka" hajafanya kazi, mpe "anahema".

mzee_wa_kaseti:
Bongo, kwa kifupi. Mwanzoni ni kaseti na video kutoka nje, kwa sababu redio ilikuwa RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam) tu. Vijana walichana kwa Kiingereza. Saleh Jabir alishinda shindano la kuchana la Yo! Rap Bonanza mwaka 1991 akiwa ametia maneno ya Kiswahili kwenye mdundo wa Kimarekani, na hilo liliwafungua macho wengi. Kundi la Kwanza Unit likaja 1993. Radio One ikaanza 1994, na jina Bongo Fleva hutajwa kuwa lilitoka kwa mtangazaji wake, Mike Mhagama. Kisha mchanaji Mr. II, kisha kundi la Hard Blasters, ambao mwaka 2000 waliwafanya hata wazazi wasikilize, kwa sababu simulizi zilikuwa za mtaani na Kiswahili kimenyooka. Joseph Mbilinyi, yaani Mr. II, akawa mbunge wa Mbeya Mjini 2010. Joseph Haule, yaani Profesa Jay wa Hard Blasters, akawa wa Mikumi 2015. Wakiuliza hip hop imefanya nini nchini, anza na hao wawili.

Neema_Mbagala:
Swali la mwisho. Wanataka kukata chemko la wimbo wa zamani wa dansi wachane juu yake. Inaruhusiwa?

FundiSanturi:
Darasani kata tu. Kuutoa hadharani kunahitaji ruhusa mbili: ya mtunzi wa wimbo, na ya mwenye rekodi, ambaye kwa nyimbo zilizorekodiwa RTD mlango wa kugonga ni TBC, shirika la utangazaji la taifa. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, watawaelekeza. Msitegemee ile habari ya "sekunde nne ni bure", sheria haisemi hivyo. Njia rahisi: mpigaji ngoma wa klabu apige mdundo wake baa nne, mrekodi kwa simu, mkate huo.