Kuuza dukani Dar: supamaketi, vitambaa Kariakoo au duka la simu?

MkaziIlala
Wakuu, salaam. Anayeanza kazi ya kuuza dukani ana milango mitatu: supamaketi, duka la kanga na vitenge Kariakoo, au duka la simu la kamisheni. Mishahara niliyotajiwa inakaribiana. Tofauti hasa iko wapi, na hasara ikitokea inamwangukia nani?

Kaunta3
Hilo la hasara ndilo la kuuliza kabla ya mshahara. Supamaketi, keshia anakabidhiwa hela ya chenji asubuhi. Aihesabu mbele ya msimamizi, noti na sarafu, wasaini wote wawili, ndipo afungue droo. Anayepokea bahasha bila kuhesabu, jioni shoti (hela iliyopungua) ni yake na hana pa kujitetea. Na asimwachie mwenzake droo hata kwa dakika tano.

Wa kwenye rafu kazi yake ni tarehe: maziwa na mtindi unaowahi kuisha muda ukae mbele, mpya nyuma. Ukipanga kinyume, wa zamani unaharibikia nyuma. Muda mwingi ni kusimama, viatu viwe vya soli laini.

DotiNaKorija
Kariakoo ndiko mtu anakojifunza biashara yenyewe, ila macho yafanye kazi. Kabla ya kumfungia mteja doti ya kanga, ikunjue pande zote mbili: pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (maneno yaliyoandikwa) vilingane, na rangi isiwe imechuja upande mmoja. Doti yenye jina tofauti kila upande itarudishwa, na mwenye duka atauliza nani aliuza.

Kwenye jora, laza kitambaa mezani, usikivute. Kinachonyumbuka ukikivuta wakati wa kupima, kikiachiwa kinarudi na mteja anapungukiwa. Ukiogopa hilo ukamzidishia sentimita 3 kila yadi, kwenye yadi 30 umegawa sentimita 90, karibu yadi nzima. Mteja wa jumla ananunua kwa korija, yaani vipande 20, kwa hiyo hesabu kwa sauti mkiwa wawili.

Bei ya mwisho ijue kabla mteja hajaingia. Na risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) iandikwe kiasi kilekile kilicholipwa, hata mteja akibembeleza.

LipaNamba
Duka la simu lina kipato kizuri mwezi ukiwa mzuri, na njaa mwezi ukiwa mbaya. Uliza kamisheni inahesabiwa kwa idadi ya simu au kwa faida, na simu ikirudishwa inakatwa au la.

Hasara kubwa iko kwenye malipo. Meseji anayokuonyesha mteja kwenye simu yake si malipo, inaweza kughushiwa. Angalia muamala kwenye simu ya duka, ndipo utoe mzigo. Kabla hajaondoka, piga *#06# kwenye simu anayonunua, linganisha tarakimu 15 za IMEI (namba ya utambulisho wa simu) na za kwenye boksi, kisha ziandike kwenye risiti. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili, andika zote. Usipoandika, anaweza kukurudishia simu nyingine kabisa.

MkaziIlala
Asanteni sana. Na kukatwa mshahara kwa ajili ya shoti, sheria inasemaje?

Kaunta3
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28. Ili ukatwe kwa hasara, uwe umekubali kwa maandishi, kosa liwe lako, uandikiwe chanzo na hesabu, na upewe nafasi ya kupinga. Makato hayo yasizidi robo ya mshahara. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu.

DotiNaKorija
Naongeza: maduka mengi ya Kariakoo huajiri kwa mdomo. Omba karatasi hata ya ukurasa mmoja: mshahara, siku ya mapumziko, nani anashika ufunguo wa stoo. Huo ufunguo msiupuuze. Kama watu wanne wanaingia stoo na mmoja tu ndiye anayeulizwa mzigo ukipungua, bora supamaketi.

MkaziIlala
Nimekuelewa, dada. Ufunguo wa stoo nitaanza nao.